Shemeji akitaka kupitia Kisesa, mkatalie

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanangu wote. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetukalia kooni na dagaa wa watu hawakauki.

Ujumbe wako nimeupata. Kwa hiyo harusi ni Musoma Jumamosi, na shemeji keshapiga hesabu zake: kutoka Dodoma alfajiri, akifika Usagara akate kulia, ashike ile barabara ya mchepuo mpaka Kisesa, mjini asiingie kabisa. Namjua. Yule akishika usukani, hata kuomba kuchimba dawa ni mjadala. Sasa mkatalie mapema, kabla hajajaza mafuta. Alhamisi mlale kwangu, Ijumaa mwende taratibu. Mwanza mpaka Musoma ni kilomita 220 na ushee, lami tupu, mnakimbilia wapi? Umeniuliza habari za hifadhi za Saanane na Serengeti. Hizo zina mabango yake na viingilio vyake, hazipotei. Mimi nakutajia vile ambavyo watu huvipita wamelala kwenye basi.

Pale Usagara, badala ya kulia, kateni kushoto kwenda Kigongo mkaone daraja. Najua utacheka, nani anafunga safari kwenda kuangalia daraja? Lakini hili lina kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, na wewe unakumbuka tulivyokuwa tunasota pale kwenye foleni ya pantoni, magunia, kuku, wagonjwa wa rufaa, wote tunaangalia upande wa Busisi kama inakuja. Siku hizi unavuka kabla hujamaliza hindi lako la kuchoma. Vukeni mpaka Busisi, geuzeni, mrudi. Basi, hakuna kingine, na inatosha.

Mjini mtazunguka kipilefti chenye sanamu ya samaki, watoto watapiga kelele, mtaendelea. Jiwe la Bismarck piga picha kwa kuwa kila mtu anapiga. Dakika kumi zinatosha. Ni jiwe zuri, limekaa majini juu ya wenzake unashangaa halidondoki, ila limebeba jina la mkubwa wa Wajerumani ambaye huku hakuwahi hata kutia mguu. Mimi kuliko hilo ningewapeleka Mabatini au Igogo mkaangalie watu walivyojenga mlimani, nyumba imeegemea mwamba, kamba ya nguo imefungwa kwenye mwamba, na mwamba mwingine uko juu ya paa na mwenye nyumba analala usingizi wake. Halafu tupite Makoroboi kwa mafundi bati. Kaa pale kidogo uone kopo la kawaida linavyokunjwa, linatiwa mshikio na kishimo cha utambi, linakuwa koroboi. Mnunulie mama yako moja, umeme wenu wa Dodoma nao si wa kuaminika.

Ijumaa asubuhi mkitoka, Igoma ndipo yalipo makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Hicho si kivutio, lakini kupita bila kusimama siwezi kukushauri. Zimeni redio, mshuke, mwambieni mkubwa wenu ni nini kilitokea. Mdogo bado.

Sasa Bujora. Hapa ndipo ninapomtaka shemeji azime gari na funguo akupe wewe. Ukifika Kisesa unaacha barabara kuu, si mbali, unapanda kilimani kwenye makumbusho ya Wasukuma. Yalianzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, ambaye aliwapenda Wasukuma mpaka kanisa lenyewe likajengwa la duara kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Halafu kuna jengo la ngoma za watemi. Lenyewe ni kiti! Kiti cha enzi, kikubwa kama nyumba, unaingia ndani yake unakuta ngoma zimepangwa. Mara ya kwanza nilicheka, nilivyoingia nikanyamaza.

Usiondoke kabla wanao hawajaona lile pipa linalozungushwa. Zamani Wasukuma kila rika lilikuwa na namna yake ya kuhesabu moja mpaka kumi, na pipa linaonyesha hesabu za kila rika. Unazungusha, namba zinabadilika. Mwanangu aliling'ang'ania mpaka mwongozaji akachoka.

Mwongozaji mwombeni habari za waganga wawili wa zamani, hapo ndipo penye utamu. Hawa walikuwa waganga wachezaji, kila mmoja na kundi lake la ngoma, ndiyo hayo makundi ya Bagika na Bagalu mpaka leo. Mashindano yao hayana jaji. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo mtu atafanya lolote watu wahamie kwake: majembe yanarushwa juu yanadakwa, chatu anavalishwa shingoni. Ukija Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, unayaona haya kwa macho. Mkifika salimieni "mwangaluka", mtapokewa vingine.

Baada ya hapo ni Magu, kisha Lamadi, na geti la Ndabaka la Serengeti liko hapohapo barabarani. Nyani mtawaona bure. Vioo juu, na ndizi zifichwe.

Mkifika Kiabakari kateni kulia kwenda Butiama. Hapo Mwitongo ndipo alipozikwa Mwalimu, karibu na wazazi wake, na makumbusho yake yapo. Mengine mtajionea, sitaki kuwamalizia. Ila ule utulivu wa mahali alipotoka mtu aliyeongoza nchi, katikati ya mawe na migomba, shemeji anayependa siasa atakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu mwoane.

Lile jiwe linalocheza la Ukara nimeliacha makusudi. Kule ni kivuko mpaka Ukerewe, kisha maji mengine tena, na wewe na mawimbi hampatani. Tutakwenda sisi wawili siku nyingine, bila madereva.

Chakula msihangaike, sato nitawachukulia Mwaloni asubuhi, na matobolwa ya njiani, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, nimeshaagiza Magu kwa mama mkwe. Wewe niletee zabibu, kilo mbili, na mziweke mbele kwenye ubaridi, si kwenye buti pamoja na tairi kama mwaka ule. Nipigie mkifika Shinyanga nianze kuwasha jiko.

Wako akupendaye,
Mama Neema