Anzieni Helsingborg

Sahibu yangu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza safari ya Kattegattleden, ile njia ndefu ya baiskeli, mwanzie upande upi. Anzieni Helsingborg, mmalizie Göteborg. Ni kama kilomita 390 kando ya bahari, magharibi mwa Uswidi, na kiangazi upepo huko huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi. Trela ya mtoto hukamata upepo kama tanga. Bora upepo uwasukume kuliko kuwarudisha nyuma. Kwa kuwa mtoto mkubwa atapanda baiskeli yake, pangeni kilomita 30 kwa siku. Vilima vya rasi ya Bjäre, kabla ya Båstad, vitamtoa jasho. Akikokota, mwacheni akokote. Kofia ngumu ni sheria kwa walio chini ya miaka 15.

Sasa mizigo. Kinachouawa na keria iliyojaa ni gurudumu la nyuma, na spoku hukatika zaidi upande wa friwili (yale meno ya nyuma yanayozungushwa na mnyororo), kwa sababu hizo ndizo zilizokazwa kuliko za upande wa pili. Vitu vizito vikae chini, kwenye mifuko ya pembeni, na vingine mvihamishie mbele. Chukua spoku tatu za akiba zenye urefu uleule, pamoja na kifaa cha kufungulia friwili. Bila hicho, spoku ya upande ule haipiti tundu lake, na utabaki unaitazama tu. Tubu nazo: ya trela, ya mtoto na yenu hazifanani. Bebeni akiba ya kila saizi.

Jiko la spiriti linatosha, ila moto wake mchana hauonekani. Wengi huungua wakiongeza spiriti wakidhani limezimika. Lifunike kwa kizimio chake, lipoe kabisa, ndipo ujaze. Changanya maji sehemu moja kwa kumi za spiriti, masizi yatapungua.

Hema mnaweza kupiga mahali pamoja usiku mmoja au miwili, mbali na nyumba za watu na mashamba. Pwani ile ina hifadhi nyingi zenye masharti yake, kwa hiyo someni kibao kwanza. Kabla ya kulala wakagueni watoto kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Kupe ang'olewe kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, bila kumpaka mafuta.

Niandikie saizi ya rimu zenu kabla hujanunua spoku.

Wako,
yule yule