Chagueni Ufuo Kabla ya Hoteli

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa Rehema,

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata, nami nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha ya kusikia kwamba hatimaye mnakuja, na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa uliniomba niukosoe mpango wenu wa likizo bila kukuonea haya. Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimeanza kwa kusitasita, zinanyesha usiku na kutuachia fukuto mchana kutwa. Baba Salma anamsalimu sana shemeji, na anasema safari hii asipokula ugali kwa mkono hatamfungulia geti.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Unaniandikia kwamba wakala wa safari huko Hamburg amewapendekezea wiki mbili nzima katika hoteli moja kubwa ya pwani ya mashariki ya Unguja, chakula na vinywaji vyote vikiwa vimelipiwa hukohuko, na kwamba mmebakiwa na swali moja tu, yaani mje katika likizo ya shule ya mwezi Machi au mngoje ile ndefu inayoanza mwishoni mwa Julai. Umenitumia pia picha ya hoteli hiyo, maji ya buluu yakigusa ngazi za baraza. Rafiki yangu, picha hiyo si ya uongo, lakini nina hakika ilipigwa alasiri ya siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa, na anayeitazama akiwa Hamburg hana namna ya kujua maji hayo yalikuwa wapi saa sita kabla yake.

Najua utasema kwamba wewe ni mtoto wa Dar es Salaam na bahari hufundishwi. Ni kweli, lakini kumbuka Unguja tulikwenda mara moja tu, tulipokuwa kidato cha tatu, tukalala bwenini na bahari tukaiona zaidi kupitia dirisha la basi. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Miaka minne iliyopita tuliwapeleka watoto pwani hiyohiyo ya mashariki, katika hoteli ambayo jina lake nitalihifadhi, baada ya kuweka akiba karibu mwaka mzima. Tulifika jioni, tukalala tukisikia mawimbi, na asubuhi watoto walivaa nguo za kuogelea kabla ya chai. Ilipofika saa nne tukashuka ufukweni na kukuta mchanga, mwani na vidimbwi, na bahari yenyewe ikiwa mstari mweupe kwa mbali kwenye mwamba. Salma aliuliza nani ameyachukua maji. Yule kijana wa mapokezi, aliyejua fika hali hiyo tulipompigia simu kuweka nafasi, alituambia kwa utulivu kabisa kwamba yatarudi saa kumi.

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana nataka uelewe hesabu hii kabla hujalipa hata senti moja. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa katika mkondo wa Zanzibar hufikia takriban mita 4, na katika siku hizo maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri kuanzia saa kumi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu: bahari hairudi mbali, na maji hujaa asubuhi, wakati ambao watoto wana nguvu za kuogelea. Pwani ya mashariki, kuanzia Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, ina uwanda mpana wenye kina kifupi kati ya ufuo na mwamba, kwa hiyo maji yakikupwa hukimbia mbali mno. Kule kaskazini, Nungwi na hasa Kendwa, ufuo unashuka haraka, na mtu huweza kuogelea karibu saa yoyote. Wakala wako hakukosea kuichagua pwani ya mashariki, maana ni nzuri kweli. Alichokosea ni kukuuzia hoteli bila kukuuzia ufuo.

Jambo la pili ni upepo, na hapa ndipo swali lako la Machi au Julai linapojijibu lenyewe. Machi kaskazi inakuwa inaishiwa nguvu, joto liko juu kabisa, na masika hubisha hodi. Ikifika Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga milango kabisa. Zaidi ya hayo, Ramadhani ya mwaka 2025 inatazamiwa kuandama karibu na tarehe 1 Machi. Mimi napenda Unguja ya Ramadhani, hasa futari na usiku wake, lakini kwa wageni wenye watoto wadogo wanaotaka kula mchana katika Mji Mkongwe ni wakati mgumu, nanyi mngejikuta mmefungiwa hotelini bila kupenda. Mwishoni mwa Julai, kwa upande mwingine, kusi linavuma, anga ni kavu, na kuna ubaridi ambao sisi tunauvalia sweta na ambao watu wa Hamburg watauona kichekesho. Kusi hilo hupiga moja kwa moja pwani ya mashariki, ndiyo maana Paje hujaa vijana wanaovutwa majini na matiara, ilhali Kendwa, inayotazama machweo, huwa imetulia. Bei za Julai na Agosti ziko juu kuliko miezi mingine mingi, hilo silifichi, lakini afadhali mlipe zaidi kwa siku chache kuliko mlipe kidogo kwa wiki mbili za kutazama mvua.

Kwa hiyo nimekaa na kalenda nikawapangia safari yenu, nawe utanisamehe kwa kujitwalia madaraka. Mwezi utaandama karibu na tarehe 25 Julai na utakuwa mpevu tarehe 9 Agosti. Mkiondoka Hamburg Jumamosi tarehe 26 Julai mtafika Dar es Salaam Jumapili, mkalala kwetu siku mbili, watoto wakazoea joto na wakamjua bibi yao. Jumanne tarehe 29 tutawapeleka bandarini kupanda boti ya saa moja asubuhi (mweleze shemeji mapema kwamba saa moja ni ile saa yake ya saba, asije akatukwamisha kama siku ya harusi yenu). Safari ni saa mbili hivi, na kwa kuwa kusi linachafua bahari, kaeni viti vya nyuma vya chini na mtafune tangawizi. Kutoka bandarini nendeni moja kwa moja Jambiani, na njiani msimame msitu wa Jozani kuwaona kima punju, ambao hawapatikani kokote duniani isipokuwa Zanzibar.

Jambiani mtakaa hadi tarehe 3 Agosti. Siku za mwanzo mtakuta mabaki ya bamvua, maji yakienda mbali, na hapo usiwaache watoto hotelini. Wavalishe viatu vya mpira, kwa sababu ya wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, mkodi mwenyeji mmoja, na mtembee naye juu ya uwanda hadi karibu na mwamba. Binti yako Neema ataona viti vya pweza, wale samaki nyota, vyekundu vikubwa kama sahani, na mtawakuta akina mama wakishughulika na mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza Zanzibar mwaka 1989 na ambacho kimewapa wanawake wengi wa pwani hiyo fedha za mkononi mwao wenyewe. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Ile ni kazi, si maonyesho. Kisha ikifika tarehe 1 na 2 Agosti maji mafu yatakuwa yameingia, nanyi mtaogelea asubuhi mbele ya mlango wenu, jambo ambalo mimi na Salma tulilikosa.

Tarehe 3 hamieni Kendwa siku nne, mkapumzike kwa maana halisi ya neno hilo. Huko ndiko ningekubali ile bangili ya plastiki ya mkononi na chakula cha kujihudumia, kwa sababu watoto wa miaka tisa na sita wanastahili siku chache za barafu na bwawa bila mzazi kuhesabu kila chupa. Nakiri kwamba nilianza kuandika barua hii nikiwa na nia ya kuupinga kabisa mpango wa kulipia kila kitu kabla, kwa kuwa mnalipa Hamburg, mnakula tambi, na muuza pweza wa nazi aliye hatua hamsini kutoka getini habahatiki hata shilingi. Lakini nimewaza pia namna unavyofanya kazi mwaka mzima, na sitaki likizo yako iwe semina.

Siku mbili za mwisho ziwe za Mji Mkongwe, na hizo usikubali azipunguze mtu. Lalini ndani ya mitaa yenyewe, mle urojo, na jioni mkae Forodhani. Mapapasi, wale vijana wanaowaandama watalii mitaani, watawasumbua kidogo, ila ukiwajibu kwa Kiswahili chako cha Kinondoni watacheka na kuwaacha. Magauni mepesi yanayofunika mabega na magoti yatakutosha wewe na Neema. Kutoka hapo uwanja wa ndege ni karibu, kwa hiyo kateni tiketi ya kuingilia Dar es Salaam na kutokea Unguja. Yapo mashirika yanayotua pote pawili, kama Turkish Airlines kupitia Istanbul, na hamtalazimika kurudi tena huku kwa boti mkiwa na mizigo.

Shemeji ameuliza kuhusu Mafia na papa potwe. Mwambie kwamba samaki wale huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari, kwa hiyo Agosti atapanda ndege ya kwenda Kilindoni kutazama maji matupu. Aje peke yake mwaka mwingine, akapige mbizi ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Chole mpaka achoke.

Kuhusu karatasi, wewe bado una pasi yetu na huna shida, lakini yeye na watoto wanahitaji viza ya dola 50 kila mmoja, na ni vizuri kuiomba mtandaoni mapema. Tumieni tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe, ile inayoishia na go.tz, kwa maana ukitafuta ovyo utaletewa kurasa za watu zinazofanana nayo na kutoza mara mbili. Vilevile, tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huu kila mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine ya kwao. Shemeji najua atalalamika, basi umtayarishe. Hakikisheni pasi zao zina uhai wa miezi sita, muulizeni daktari wenu kuhusu dawa za malaria, na mifuko ya plastiki ya dukani muiache Hamburg, kwa kuwa ilipigwa marufuku huku mwaka 2019.

Naomba unijibu kabla ya Krismasi, kwa sababu vyumba vidogo vya Jambiani, vile vinavyomilikiwa na wenyeji na ambavyo ndivyo ningependa mlale, havingoji hadi Juni. Ukinikubalia tarehe hizi, mwezi Januari nitavuka mwenyewe na Salma, niviangalie vyumba viwili vitatu kwa macho yangu, nikufahamishe kama chandarua hakina matundu na kama maji ya bombani yanatoka. Wakala wako usimlipe amana yoyote kwanza. Muulize tu swali moja, nawe uniandikie alivyojibu: tarehe 26 Julai, saa nne asubuhi, maji ya hoteli yake yatakuwa wapi?

Bibi anasema mje na ile chai ya maua uliyomletea mara ya mwisho, ya boksi la kijani. Wapige busu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi