Waambieni wagonjwa wa ukoma mapema

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Lindi, na kazi yangu kubwa ni kupinda kanga. Mwaka juzi nilikutwa na ukoma, nikaanzishiwa dawa za miezi 12. Zinatolewa bure, nami sikuruka hata siku moja.

Mwezi wa nne wa dawa, mabaka ya mgongoni yakavimba na kuwa mekundu, na kiwiko cha kushoto kikawa kinawaka moto usiku kucha. Zahanati nikapewa dawa ya maumivu, nikaambiwa nimalize dozi tu. Nikatii. Wiki sita baadaye nikaona tone la damu kwenye pindo la kanga ya mteja. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole changu cha mwisho, wala sikusikia chochote.

Aliyenieleza ni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa kiganja kwa ncha ya kalamu ili nioneshe alipogusa. Upande wa kidole cha mwisho nilikuwa bado namsubiri aanze, kumbe ameshamaliza. Akapapasa nyuma ya kiwiko: mshipa wa fahamu umenenepa kama kamba. Akasema hiyo ni riaksheni. Dawa huua vimelea, lakini mabaki yake hukaa ndani ya mishipa, na kinga ya mwili ikiyashambulia mshipa huvimba, nao pale kwenye kiwiko hauna pa kutanukia. Unaharibika kwa vita ya mwili wenyewe! Nikapewa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili na uvimbe, vidonge vinane kila asubuhi, vikipunguzwa polepole, huku dawa za ukoma zikiendelea. Ganzi imepungua, ila vidole viwili vimebaki vimejikunja. Uzi ananitungia binti yangu.

Kinachoniuma ni kwamba siku nilipopewa pakiti ya kwanza sikuambiwa neno hata moja. Jirani yangu naye alipovimba alidhani dawa inamdhuru, akaitupa. Wahudumu, tafadhali mwambieni mgonjwa kabla hajatoka mlangoni: baka likivimba, kiwiko kikiuma, mkono au mguu ukilegea, jicho likigoma kufumba, arudi siku hiyo hiyo, hata kama dozi alishaimaliza mwaka jana. Mshipa uliopoteza nguvu chini ya miezi sita una nafasi nzuri ya kupona.

Mimi niko tayari kwenda kliniki yoyote ya hapa wilayani, siku ya kugawa dawa, niwaoneshe wenzangu mkono huu.

Fundi cherehani,
Lindi