Mpwa wangu, kabla hujahamia stoo

Mpwa wangu,

Juzi uliponipigia nilikuwa juu ya ngazi, tepu nimeing'ata mdomoni, ndiyo maana nikakujibu "sawa, sawa" nikakata simu. Haikuwa sawa. Nimelala nayo siku mbili, na kwa kuwa wenye swali kama lako mko wengi, nakujibu hapa hapa hadharani. Jina lako sijalitaja, mama yako asije akanipigia.

Umesema kuna watu wanakutaka kwenye stoo yao ya vifaa vya ujenzi, kwa laki moja zaidi ya unachopata kiwandani kwenye matengenezo. Laki moja ni laki moja. Kodi ya chumba naijua, nauli naijua, na ile michango ya harusi inayoingia kwenye simu kama bili ya maji naijua pia. Sitakwambia pesa si kitu. Anayesema hivyo mara nyingi ameshakula.

Ila ukishahesabu mifuko ya saruji miaka mitatu, siku wakikuaga, getini utatoka na nini?

Unajua neno kibarua limetoka wapi? Ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi za kutwa alikuwa akipewa kikaratasi, jioni anakirudisha, analipwa, basi. Jina la kikaratasi likahamia kwenye kazi, kisha kwa mtu mwenyewe. Ukishalipwa, karatasi umeirudisha. Huna cha kuonyesha kwamba jana ulikuwepo. Na usidhani kibarua ni wa zege tu. Nimewaona watu wa tai, kitambulisho shingoni, miaka kumi ofisini, na kila mwisho wa mwezi wanarudisha kikaratasi kile kile.

Mimi tai sikuwa nayo, lakini nilikuwa mwenzao. Mwaka 2009 nilifanya waringi ya umeme ya nyumba ya vyumba vinne kule Kimara. Siku tisa. Nilichimba kuta kwa patasi, nikapitisha paipu, waya wa 1.5 kwenye taa, wa 2.5 kwenye soketi, fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini ukivuja, nikaipigilia nje mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ikafika siku ya fomu ya TANESCO, shirika la umeme, pale inapotakiwa sahihi ya mkandarasi mwenye leseni. Leseni sina. Mwenye nyumba akamleta mwenye muhuri. Yule bwana akaweka fomu juu ya boneti, akasaini, akagonga, akapokea bahasha, akaondoka. Ndani hakuingia hata kuona swichi imekaa upande gani.

Nilimkasirikia miaka mingi. Siku hizi namkasirikia zaidi yule kijana aliyesimama pembeni na bisibisi mkononi. Kazi alikuwa anaijua tangu 2003, na miaka sita yote nyumba zake zilikuwa na jina la mtu mwingine. Jirani wa Kimara alipotafuta fundi, unadhani alipewa namba ya nani?

Kilichonitoa pale ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na ule utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Mpimaji alikuwa kijana kwangu. Akaniuliza ethi inafanya kazi gani hasa. Nikasema, "Inazuia shoti." Akaandika kitu kwenye karatasi yake bila kuniangalia. Kuifunga nilikuwa naweza hata gizani, kuieleza nilishindwa. Aibu ile ndiyo iliyonipeleka darasani nimechoka na kazi, cheti kikaja, baadaye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, daraja la chini, lenye kikomo chake cha kazi ninazoruhusiwa. Siku nilipopata muhuri wangu niligonga gazeti zima pale sebuleni. Anti yako alidhani nimechanganyikiwa.

Wewe cheti cha VETA Chang'ombe unacho tayari. Bado Level III, ngazi ya tatu, na hiyo mtu anaisoma huku yuko kazini akiamua. Na hapo ulipo una kitu ambacho mimi sikukipata: mashine zinazoharibika kila wiki na mtu mwingine ndiye anayelipia spea unazojifunzia. Wageni wanapokuja kufunga mashine mpya wewe unakuwa wapi? Kantini? Wabebee toolbox. Omba mchoro wa paneli ya umeme, upige picha kama wanaruhusu, ukaulale nao.

Nunua na daftari, gumu, la kuingia mfuko wa ovaroli. Hili hapa langu, ukurasa mmoja wenye doa la grisi: "Mota ya pampu 7.5 kW. Overload inakata kila baada ya dakika 20. Nimebadilisha overload mara 2, bado. Nimepima: fezi mbili ziko juu, ya tatu iko chini sana. Kontakta imeungua kichwa kimoja. Nimebadilisha kontakta, imetulia." Overload ni kinga ya mota, kontakta ni swichi yake kubwa. Mistari hiyo ilinigharimu siku mbili na matusi ya mwenye kisima. Kila nilipokutana na tatizo hilo tena nililimaliza kabla chai haijapoa, ikawa kama nimelipwa zile siku mbili za mwanzo.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, usiipuuze. Pensheni ya uzeeni inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, na namba yako ya uanachama unahama nayo kila uendako. Angalia kama mwajiri anapeleka kweli, usisubiri uambiwe. Mimi miaka yangu ya muhuri wa watu iko sifuri kule.

Halafu nisije nikawakosea watu wa stoo. Ugavi ni taaluma, ina bodi yake na mitihani yake, na aliyeusomea anaheshimika. Ungeniambia, "Anko, nautaka ugavi," ningekusindikiza mwenyewe mpaka getini. Lakini hukusema hivyo. Umesema laki moja.

Basi kabla hujawajibu, nenda kwa bosi wako wa matengenezo, si kwa meseji, ana kwa ana. Mwambie umepata ofa na yeye anaweza kukupa nini: nyongeza, au ruhusa ya kusoma, au kukuweka kwenye ile zamu ya paneli mpya. Akikujibu hovyo, tafuta kiwanda kingine, si stoo. Hiyo laki, kama unaitafuta kwa ajili ya mama yako, tutaongea mimi na wewe. Jumamosi nina vibanda viwili vya kufunga umeme Tabata na msaidizi sina.

Njoo Jumapili na vyeti vyote, hata vile vya semina. Klampmita yangu ya zamani, ile ya kupimia umeme kwenye waya, bado inasoma vizuri, kifuniko cha betri tu ndicho nimekifunga kwa tepu. Iko juu ya friji, chukua.

Mjomba wako