Cartwright hakukuta Honolulu imelala

Mambo Saidi,

Voice note yako nimeisikiliza yote, eti besiboli Hawaii ililetwa na Cartwright na mjadala umefungwa. Haujafungwa bwana. Huyo Alexander Cartwright kweli alikuwa wa klabu ya besiboli ya Knickerbocker ya New York, ile ya 1845, akatoka 1849 kufuata dhahabu California na mwaka huohuo akaibukia Honolulu, akaishi huko mpaka alipofariki 1892, hapo sina ugomvi na wewe. Lakini Desemba 1840 gazeti la hukohuko Honolulu, The Polynesian, lilishaandika kwamba vijana wenyeji, wa kike na wa kiume, wanacheza mpira wa gongo kwa moto kabisa. 1840! Jamaa bado yuko zake New York.

Mi naona waliotangulia ni wamishonari, maana walikuwa wanatoka New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, tangu 1820 na huko mpira wa gongo ulikuwa mchezo wa watoto wa shule. Halafu ikaja shule ya Punahou 1841, ya watoto wa hao wamishonari, pale kulikuwa na mchezo wanaita aipuni, unapiga mpira halafu unakimbia kuzunguka, we fikiria tu raunda ya primary.

Na usidhani kabla ya wamishonari wenyeji walikaa tu. Walikuwa na ulu maika, jiwe la duara unaliviringisha lipite katikati ya vijiti viwili, na msimu wa Makahiki, sikukuu yao ya mwaka mpya, vita vinasimama, watu wanashindana na dau wanawekeana, dau hilo ndo wamishonari hawakulipenda hata kidogo.

Cartwright mwenyewe mi namheshimu zaidi kwa kuwa mkuu wa zimamoto Honolulu, hilo mbona hamlisemi?

Sasa kichekesho. Novemba 1888 Albert Spalding, yule mfanyabiashara wa vifaa vya michezo wa Marekani, anapita na timu zake mbili za besiboli kwenda Australia, mji mzima unasubiri mechi, meli ikachelewa ikafika Jumapili, na Jumapili sheria inakataza michezo. Watu wakaomba weee, Spalding akagoma kuvunja sheria. Mechi hakuna. Mfalme Kalākaua wa Hawaii akawakaribisha karamu ya usiku, wakala nguruwe wakarudi melini.

Nijibu basi, na safari hii andika, voice note ya dakika kumi inamaliza bando.

Wako,
Juma