Usitulie, siku zinahesabika

Mama Neema mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Tangu uliponipigia juzi sijalala vizuri. Miaka tisa unafungasha mizigo yao, halafu unapewa barua ya kuachishwa kazi ya mistari minne, hukuitwa hata kwenye kikao ukajieleze!

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni lile neno lako la mwisho, kwamba meneja amekwambia utulie nyumbani, mtaongea mwezi ujao. Usitulie, dada. Mimi niliambiwa hivyohivyo kwenye kile kiwanda cha kwanza. Nilikwenda getini mara nne, kila mara "njoo wiki ijayo". Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, ilikuwa siku ya 41 tangu niachishwe, na anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu. Nikajaza fomu ya kuomba kuongezewa muda, nikaulizwa ushahidi wa hizo ahadi. Sikuwa na hata karatasi moja. Ombi likakataliwa. Kama nilionewa au sikuonewa, hakuna aliyewahi kuniuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Wewe umeshatumia siku 12. Jumatatu nenda ofisi ya Tume hapo Morogoro, chukua fomu CMA F.1, ile ya kupelekea malalamiko. Nakala moja mpelekee mwajiri, asaini kwamba ameipokea. Akigoma kusaini, itume kwa rejista ya posta na stakabadhi uitunze. Andika wazi kwamba unapinga sababu na pia utaratibu waliofuata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu. Na umekatwa ada ya chama cha wafanyakazi kila mwezi miaka yote hiyo, kwa hiyo mtafute katibu wa tawi aende nawe. Anaruhusiwa kukuwakilisha hata kama huna wakili.

Mtaanza na usuluhishi. Mwaka jana, kama katibu wa tawi letu, nilimsindikiza mtunza stoo wetu. Msuluhishi alituweka pamoja, kisha akatutoa nje akabaki na mwajiri, kisha akatuita sisi, hivyo hivyo mpaka saa nane mchana. Yeye hatoi hukumu, anawatafutia pa kukutania. Mwenzetu alitaka arudishwe kazini. Saa ya tatu akaanza kuwaza kodi ya nyumba, akakubali malipo ya notisi, likizo alizokuwa anadai na cheti cha utumishi. Akasaini, halafu akaja kulia kwenye korido. Nilitamani ningemwomba apumzike kwanza, anywe hata chai. Makubaliano yakishasainiwa yanawafunga wote wawili.

Kwa hiyo usisaini kwa uchovu. Ukiona karatasi imeandikwa "sina madai mengine", isome mara mbili. Msipoelewana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, naye atasikiliza ushahidi wa pande zote. Kutokusaini si ukorofi.

Nakuja Jumapili kwa basi la asubuhi, nitalala kwako ili Jumatatu twende wote. Toa ile bahasha chini ya godoro: mkataba, hati za mshahara, barua yao, hata zile jumbe za simu za meneja, usifute hata moja. Mwambie Neema asinunue samaki, nakuja nao.

Wako,
Mama Salma