Jero ya Kusomea: Barua kwa Vijana wa Kona ya Vitabu

Wanangu, salamu. Nawaandikia kuhusu hii jero, yaani shilingi mia tano ya mfadhili, mnayompa mtoto kwa kila kitabu anachomaliza.

Jumamosi nilikaa kwenye benchi lenu nikimtazama mtoto wa darasa la tatu akipekua rafu nzima. Nikadhani anatafuta hadithi. Kumbe anapima unene! Akachomoa kijitabu chembamba kuliko vyote, akakifunua mbiombio kama mtu ahesabuye noti, akaja mezani: "Nimemaliza, naomba jero yangu." Mkampa. Hakuna aliyemuuliza sungura aliponaje.

Roho iliniuma, maana mtoto huyo namjua. Mwaka jana, kabla ya mfadhili na bahasha yake, alikuwa akisoma bure mpaka giza limfukuze. Mapenzi yake mmeyageuza kibarua.

Msiseme ni ukali wa uzee. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio lililofanyika kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichukua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe. La pili likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, wakiwa wameshachora. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena mezani, bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walizichezea kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Cheti ni kilekile, jamani! Sumu ilikuwa kwenye ile ahadi.

Sisemi watu wasilipwe. Kazi ya kuzibua mtaro hakuna anayeipenda. Anayeifanya mlipeni, tena mapema. Zawadi ya ghafla nayo haina neno. Lakini hadithi?

Mengine kwa ufupi: mtoto achague kitabu mwenyewe. Kikimchosha, akiache. Ubao wa washindi ushusheni.

Na nyie wazazi wenzangu, msicheke pembeni. Vijana hawa tumewalea sisi, tuliozoea kuuliza "umekuwa wa ngapi?" mbele ya wageni, mtoto hata begi hajatua. Mimi mwenyewe niliwahi kumwahidi mjukuu soda kwa kila sura aliyohifadhi. Soda zilipokwisha, na sura zikaishia hapo.

Jumamosi ijayo nitakuja na mkeka na kitabu kimoja kinene. Yule mtoto mwambieni aje. Na hela ya bahasha iliyobaki nunueni taa.

Babu yenu